Naomba ushauri: kompyuta ndani ya kabati la mbao inachemka

Wakuu, habari za saa hizi. Nimetengeneza kabati la plaiwudi chini ya meza ya kazi ili kompyuta yote ikae humo badala ya kwenye kasha la bati. Mazabodi (bodi kuu ya saketi za kompyuta) ni ya saizi ya ATX, milimita 305 kwa 244, na nimeifunga juu ya vijiguu vya shaba ili mgongo wake usiguse ubao. Hapo sina shida.

Shida ni hewa. Nikifunga mlango, dakika 20 haziishi feni ya prosesa inaanza kuvuma, na nikisogeza kiganja karibu na kadi ya michoro nahisi joto kama la pasi. Nikifungua, inatulia. Nina feni mbili za milimita 120. Nitoboe chini mbele moja iingize hewa, na juu nyuma nyingine itoe ya moto? Au zote zitoe? Pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) nayo nimeilaza feni ikiangalia chini, na chini yake pamebaki nafasi ya kidole kimoja tu.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Kasha la bati huunganishwa na waya wa ardhi kupitia pawa saplai, lakini ubao haupitishi umeme. Niweke bamba la alumini chini ya vijiguu, nilifunge kwa skrubu hadi kwenye mwili wa pawa saplai? Kitufe cha kuwashia nimeshakipachika mlangoni, kinafanya kazi vizuri.

Aliyewahi kufanya hivi anielekeze tafadhali, kabla sijatoboa tena.