Tupeane uzoefu: ni safari gani umeacha kufunga kwa sababu ya simu?

Kondele

Wadau, hamjambo. Wengi wetu tumevuka kutoka enzi za kibanda cha simu na sanduku la posta hadi leo, lakini mada ya simu ikianzishwa huishia kwenye vijana na TikTok. Mara hii naomba tuzungumzie kazi na maisha ya nyumbani. Taja safari moja uliyokuwa ukiifunga kwa sababu ya ujumbe, pesa au bei, ambayo leo huifungi tena. Kisha utuambie ukweli: umepata nini, na nani anaibeba hiyo safari sasa?

Naanza mimi. Nilikuwa karani katika duka la vipuri hapa Kisumu, na kila mwisho wa mwezi nilitumwa na wenzangu kupeleka bahasha za pesa stendi ya mabasi. Wazazi wao walikuwa Siaya, Bondo, Busia. Unaandika jina na kituo cha kushukia, unamkabidhi dereva unayemjua kwa sura, halafu unamwachia Mungu. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wazee wengi waliikataa. Pesa gani hiyo isiyoshikika?

Kilichowageuza wengi ninaowajua ni mwanzo wa 2008. Kwa vurugu za baada ya uchaguzi barabara zilifungwa, maduka yakafungwa, kadi za salio zikaadimika na bei yake ikapanda. Dada yangu alikuwa Nakuru na watoto, hawezi kutoka nje. Nilimsambazia salio la hamsini hamsini ili tu aniambie bado wako salama, na kaka yetu wa Nairobi akamtumia pesa ya unga kwa simu. Tangu hapo sikumsikia tena mzee wa kwetu akiuliza kama pesa ya simu ni pesa.

Karibuni.

Mama Ngege

Asante kaka kwa mada. Mimi nauza samaki. Zamani nilitoka nyumbani gizani kwenda Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, nikifika naambiwa mitumbwi haikupata kitu, au mbuta (sangara) wote wameshachukuliwa na watu wa kiwanda. Nauli imekwenda na siku imekwenda. Sasa mvuvi akikaribia kutua ananipigia: "Mama, nina ngege (perege) wa kutosha, na mbuta wawili wakubwa." Nampigia mteja wangu wa hoteli, tunaelewana bei, ndipo natoka. Omena (dagaa) nao nawapangia kwa kuangalia mwezi wa angani, maana huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawavuliki vizuri. Wiki hiyo hata kupiga simu sijisumbui.

Lakini nisikilizeni. Samaki hakaguliwi kwa simu. Picha inakuja samaki amemwagiwa maji, anang'aa. Mimi nataka kufunua matamvua nione kama bado ni mekundu, nibonyeze ubavu nione kama nyama inarudi ilipokuwa au inabaki na shimo la kidole. Wavuvi ninaowaamini kwa simu leo ni wale niliosimama nao ufukweni miaka mingi, mvua na jua, tukibishana bei ana kwa ana. Binti anayeanza biashara hii leo akiwa na simu peke yake atamwamini nani? Wapo wanaotuma pesa wakaletewa samaki waliooza, na wapo wanaotuma na samaki wenyewe hawaji.

Mkulima wa Mau

Mama Ngege umenigusa. Niko Mau Narok, viazi. Zamani tulichimba, tukapakia lori, tukajua bei tukishafika sokoni. Siku hizi kabla sijagusa jembe nampigia shemeji aliye soko la Wakulima, Nakuru. Ananiambia gunia limelala shilingi ngapi na malori mangapi yameingia usiku.

Watu hudhani hapo mkulima ameshinda. Dalali naye ana simu. Wana kundi lao la WhatsApp, na wakifika shambani wote wana bei moja mdomoni. Ukimkataa huyu, anayefuata anakutajia ileile. Na Shangi, kiazi ambacho wengi wetu hulima, haikai. Ukiiweka ghalani muda mfupi tu imeshachipua. Kwa hiyo najua bei ya mjini vizuri kabisa, na bado nauza leo kwa bei ya dalali kwa sababu sina pa kuviweka. Tangu 2019 kuna kanuni kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Nenda shambani uone lumbesa, yale magunia yaliyojazwa kupita kiasi, zilivyofumwa juu kwa kamba.

Simu imeniondolea safari ya kwenda kuuliza bei. Ghala zuri la kijiji ndilo lingenipa nguvu ya kuitumia hiyo bei.

Boda Mamboleo

Kondele umeuliza nani anaibeba hiyo safari. Ni sisi. Mama anayeagiza samaki kwa simu, samaki hao hawaruki. Wanakuja nyuma ya pikipiki yangu ndani ya ndoo. Dawa, nguo, barua za ofisi, hata chakula cha mgonjwa hospitalini. Zamani nilikaa steji nikisubiri abiria, sasa asilimia kubwa ya kazi yangu inaanza kwa simu kuita.

Ushauri kwa vijana wenzangu: mteja akikuonyesha skrini yake kwamba ameshatuma, usiondoke. Subiri ujumbe wako mwenyewe, na salio lako likague. Ujumbe wa uongo wa malipo umewalaza wengi njaa. Na nauli ya mia mbili ikija mia mara mbili usishangae, watu wanakwepa makato, kwa kuwa kutuma mia kushuka chini ni bure. Jambo moja tu nawaomba wateja: nikiwa barabarani msinipigie mara sita kuuliza nimefika wapi. Nikipokea naendesha kwa mkono mmoja, na wenzetu wamekufa hivyo.

Mwalimu Mlimani

Kwetu mteremko wa Mlima Elgon mambo ni kinyume. Safari ndizo zimezaliwa. Zamani alama za wanafunzi niliandika kwenye daftari kubwa, mwalimu mkuu akapeleka ofisini mara moja kwa muhula. Sasa kila kitu kinapandishwa kwenye tovuti, na shuleni mtandao haushiki. Nabeba simu hadi kituoni kwa boda, nauli yangu, bando langu, na siku za mwisho tovuti inalemewa kwa sababu nchi nzima iko humo. Nimewahi kukaa saiba (duka la intaneti) hadi usiku na walimu wa shule nyingine tatu, kila mtu akingoja ukurasa ufunguke.

Mabadiliko nayapenda, na watoto wetu wanayahitaji. Ninachoomba ni kwamba anayepanga kazi ya mtandaoni ajue kwanza shule ipi haina mtandao.

Mwana wa Vihiga

Mulembe wote. Mimi nataja safari ya habari za msiba.

Zamani kifo kilikuja na mtu. Alikuja kwa baiskeli au kwa miguu, hakusema kitu mlangoni, aliomba maji, akakaa, na wewe ukiangalia uso wake ukaanza kujua. Walio mbali walisikia kwenye tangazo la redio, na hata huko kulikuwa na sauti ya binadamu inayosoma majina ya ukoo polepole. Mimi nilijua baba yangu mdogo ameaga kwa picha ya mshumaa kwenye kundi la ukoo. Niko kazini Nakuru, mteja yuko mbele yangu. Mama alikuwa bado anatafuta salio la kunipigia. Aliyeweka ile picha ni binamu aliyetaka kuwa wa kwanza.

Halafu ikaja orodha ya mchango. Mmeziona hizo: nambari, jina, kiasi, na kila anayetuma orodha inarudiwa upya. Waliotoa wana alama ya tiki. Jina langu lilikaa siku kadhaa mbele yake hamna kitu, na kila simu ilipolia watu wote wa ukoo waliona vilevile. Kulikuwa na wajane kwenye orodha hiyo ambao najua walikopa ili tu nafasi iliyo mbele ya majina yao ijazwe.

Sitaki kuonea teknolojia. Daftari la zamani la mweka hazina lilikuwa na siri zake, na pesa za wafu zililiwa. Sasa kila shilingi inaonekana, na ndugu aliye Mombasa au Qatar anashiriki siku hiyohiyo. Tulikaa kama ukoo tukaweka mambo mawili. Hakuna kutangaza kifo kundini hadi wazee watatu wathibitishe kwamba mke, watoto na ndugu wa tumbo moja wamepigiwa simu kwa sauti. Na orodha inaonyesha jumla pekee. Majina anabaki nayo mweka hazina na wakaguzi wawili. Mchango haukupungua.

Cherehani Bondeni

Mimi ni kiziwi. Nashona nguo hapa Bondeni, Nakuru. Kwangu simu ilianza kuwa na maana watu walipoanza kutumiana SMS. Kabla ya hapo, nikitaka kumuuliza rafiki yangu wa Mumias kama tutaonana Krismasi, nilipanda matatu nikaenda kumuuliza. Barua zilikuwepo, lakini wengi wa rika langu tulitoka shule tukisoma kwa shida, maana walimu wetu wengi hawakujua ishara.

Kisha ikaja simu ya video. Ishara ni mikono miwili, uso na mabega, kwa hiyo ukizungumza hushiki simu. Mimi huiegemeza kwenye cherehani, naiinamisha hadi kifua kionekane, nageukia dirisha ili mwanga unipige usoni. Mtandao ukilegea vidole vinakatika vipande vipande kwenye skrini, na neno linalotegemea kidole kimoja linapotea. Namwomba arudie polepole. Kwa njia hiyo nilimwona mtoto wa rafiki yangu, kiziwi kama sisi, akiomba maji kwa ishara kwa mara ya kwanza. Nililia nikiwa nimeshika mkasi.

Shida yangu ni moja. Pesa ikikwama au laini ikifungwa, naambiwa nipige simu kwa wahudumu. Wanauliza nambari ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, salio la mwisho. Nampa simu kijana ninayemfundisha kazi, anayesikia, na yeye anajibu kwa niaba yangu. Ni mwaminifu, lakini nilimchukua ajifunze kushona, si abebe siri zangu za pesa. Katiba ya 2010 inataja Lugha ya Ishara ya Kenya kati ya lugha rasmi za Bunge. Nataka ifike hadi kwenye dawati linalopokea simu, awepo mhudumu mmoja wa ishara ninayeweza kumpigia kwa video.

Kondele

Fundi, asante sana. Hilo la mhudumu wa ishara nitalisema kila nitakapopata nafasi. Na sisi wateja wako tusiojua ishara, tufanyeje tukitaka kushonewa?

Cherehani Bondeni

Msinipigie, na msinitumie ujumbe wa sauti. Andika maneno mafupi: nguo gani, ya lini. Tuma picha ya mshono unaoutaka, mbele na nyuma. Vipimo vya kifua, kiuno, nyonga na urefu, viandike kwa inchi, na useme nani aliyekupima. Kama umejipima mwenyewe njoo nikupime tena, kwa sababu mtu hawezi kujipima mgongo. Kitambaa mpe Boda Mamboleo au mwenzake wa Nakuru, akifika abishe kwenye dirisha pale ninapoona.