Mjadala: Jino la dinosaria likiokotwa, ni la nani?

Naleta hoja hii tuijadili: mtu binafsi aruhusiwe kuokota, kununua na kuweka nyumbani meno ya dinosaria? Wanaotetea husema meno hayo ni mengi mno, makumbusho hayana haja nayo yote.

Kweli ni mengi. Dinosaria aling'oka na kuota meno maisha yake yote. Majungasaurus wa Madagaska alipata jino jipya katika kila tundu kwa takriban miezi miwili.

Lakini kwangu wingi huo ndio sababu ya kutoyagusa ovyo. Mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu ya mabaki ya meno zaidi ya 1,200 kutoka mashapo ya mto wa kale, Kem Kem, Moroko. Karibu nusu yalikuwa ya dinosaria aitwaye Spinosaurus, na kwao huo ukawa ushahidi kwamba mnyama huyo alishinda majini. Sasa chukulia mtu kapita hapo kabla yao, kabeba makubwa yanayong'aa, kaacha vipande. Hesabu ingetoka vipi?

Mimi mwenyewe niliwahi kununua jino la Spinosaurus. Lilikuwa zuri: mviringo kama pembe changa, mistari ya wima, ukingo usio na meno ya msumeno. Nikaliweka chini ya lenzi. Katikati palikuwa na mstari mwembamba wa gundi iliyochanganywa na mchanga. Ncha ya jino moja, shina la jingine. Muuzaji hakujua lilichimbwa wapi. Kutojua huko ndiko kuliniuma zaidi, maana hata lingekuwa zima, lisingenieleza chochote.

Siwabezi wakusanyaji. Gideon Mantell alikuwa daktari wa tiba, na mwaka 1825 alimpa dinosaria Iguanodon jina kwa kutazama meno tu. Ila alijua yametoka mwamba gani, na aliyapeleka kwa wataalamu wayachunguze. Tena jino lililokwisha kutokeza juu ya ardhi, mvua na upepo hulisaga. Kuliokota ni kuliokoa.

Sheria nazo hazitusaidii sana. Marekani, tangu sheria ya mwaka 2009, kuchukua jino la dinosaria kwenye ardhi ya serikali kuu bila kibali ni kosa. Kwenye shamba la mtu, ni mali ya mwenye shamba. Meno mawili ya mnyama mmoja, uzio katikati!

Msimamo wangu: jino lililolala peke yake juu ya ardhi liokotwe pale sheria inaporuhusu, na liandikiwe mahali, tabaka la mwamba na tarehe siku hiyohiyo. Lililo kwenye taya lisiguswe na asiye mtaalamu. Lisilo na maandishi lisinunuliwe, hata kama wachimbaji wanaoishi kwa kazi hiyo watapunguziwa kipato. Hapo kwa wachimbaji najua pana uzito, na ningependa kusikia mwenye njia bora.

Na anayesema "ni mengi" anijibu: yakishatawanyika kwenye makabati ya watu, nani atayahesabu?