Ghorofa kumi na mbili dirishani, diwani hapokei simu: wakaazi tupewe kura ya turufu?

Mtoa Mada: Wakuu, kiwanja cha jirani kimeuzwa, nyumba ya chini imebomolewa, sasa linapanda jengo la ghorofa kumi na mbili. Bango la mradi limebandikwa msingi ukiwa umeshachimbwa. Jua la asubuhi sina tena, na maji yanapanda kwa kuombwa. Diwani wakati wa kampeni alijua hadi majina ya watoto wetu; leo simu inaita mpaka inakatika. Kwa nini mradi kama huu usipigiwe kura na wanaoishi hapo? Na wapangaji wanaoshangilia wakae pembeni, wao leo wapo hapa kesho kule, mtaa hauwaumi.

Mpangaji Sugu: Nilikuwa nakuunga mkono mpaka sentensi ya mwisho. Miaka kumi na moja nipo mtaa mmoja, nimebadilishiwa mwenye nyumba mara tatu. Hapo nani ni mpita njia?

Msoma Ramani: Turudi kwenye hoja. Kelele za wananchi huwa zinafika. New York mwaka 1915 walimaliza jengo la Equitable, likatia mitaa kivuli. Mwaka uliofuata ikaja sheria kwamba jengo likipanda lirudi nyuma kwa ngazi. Paris nao, baada ya mnara wa Montparnasse wa 1973, waliweka kikomo cha mita 37. Ilikuwa 1977 kama sikosei.

Fundi Mstaafu: Paris ndiyo mfano wa kumpa mtu anayetafuta chumba?

Msoma Ramani: Mzee wangu, nimeongelea kivuli, sikutaja kodi.

Mpangaji Sugu: Ndiyo tabu yenyewe. Ninyi mnalilia kivuli, sisi tunalilia paa.

Karani wa Zamani: Nimekaa ofisi za mipango miji, niseme kidogo. Mnagombana na bango, wakati uamuzi ulishapita zamani, siku eneo lilipobadilishwa matumizi kwenye ramani. Baada ya hapo mwekezaji akileta michoro inayofuata masharti, ofisi haina pa kumkatalia. Ramani ile hutangazwa na watu huitwa kutoa maoni. Siku hiyo viti huwa vingi kuliko watu. Halafu hiyo turufu: mtaa wenye wanasheria utaitumia, mradi utahamia mtaa usio na wa kuusemea.

Mtoa Mada: Kwa hiyo kosa ni letu? Kikao saa nne asubuhi siku ya kazi, nani aje?

Karani wa Zamani: Sikusema kosa ni lenu, dada.

Mtoa Mada: Umesema viti.

Jirani wa Tatu: Mnamsahau yule mama wa New York, Jane Jacobs. Alisimama na majirani zake dhidi ya barabara za Robert Moses, ofisa aliyekuwa akipanga barabara kuu za jiji, na Moses alikuwa hagusiki. Barabara hazikujengwa.

Mpangaji Sugu: Na Greenwich Village alikokuwa akiishi, leo nani anamudu kupanga?

Jirani wa Tatu: Kwa hiyo bora ingepitishwa barabara juu yake?

Mpangaji Sugu: Usinilishe maneno. Nasema majirani walishinda, wapangaji wakahama.

Msoma Ramani: Huyo mama mwenyewe alihamia Toronto, Kanada, mwaka 1968.

Jirani wa Tatu: Alihama kwa sababu ya vita vya Vietnam, wanawe wasiandikishwe jeshini. Usichanganye mambo.

Msoma Ramani: Nimesema alihama. Sababu umeleta wewe.

Fundi Mstaafu: Mmeshafika Vietnam. Mimi urefu haunisumbui hata kidogo. Bomba la maji taka lililolazwa kwa nyumba ishirini, ukiliongezea ghorofa lenye familia arobaini, litacheua, na litacheua kwa yule wa bondeni ambaye hana ghorofa wala kura. Mwekezaji aambiwe: bomba kwanza, zege baadaye. Diwani angeulizwa hilo tu, asingekuwa na pa kujificha.

Mpangaji Sugu: Mtoa mada hajaniomba radhi bado.

Mtoa Mada: Kuomba radhi kwa lipi? Mimi na wapangaji sina ugomvi, ninao wangu wawili.

Mpangaji Sugu: Wako wawili? Wanakaa wapi?

Mtoa Mada: Nyuma. Nilijenga vyumba juzijuzi. Ni vya chini, havimzibii mtu jua.

Karani wa Zamani: Vina kibali?

Mtoa Mada: Hayo si mada.

Fundi Mstaafu: Binti yangu, achana na kibali. Choo chake umekiunga bomba lipi?