Naomba ushauri: kidato cha tano cha PCB au stashahada ya uuguzi moja kwa moja?

Mlezi wa Njombe

Ndugu wanajukwaa, mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana akapata C ya Biolojia, C ya Kemia na D ya Fizikia, na kazi anayoitaka ni uuguzi tu. Amepangiwa kidato cha tano, tahasusi ya PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), katika shule ya serikali. Wakati huohuo, chuo kimoja binafsi kiko tayari kumpokea kwa Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, ada ikiwa shilingi 1,600,000 kwa mwaka. Baba yetu alifariki, mama analima viazi, nami ni mwalimu wa shule ya msingi ambaye mshahara wake tayari una makato. Naomba mnisaidie kupima ni njia ipi tutakayoimudu hadi mwisho.

Mama Pacha

Mpeleke kidato cha tano. Ada ya kidato cha tano na sita katika shule za serikali ilifutwa mwaka 2022, na akifika shahada ataomba mkopo kama wenzake.

Muuguzi wa Wodi

Namheshimu Mama Pacha, lakini hesabu yake ina shimo. Njia ya shahada ni miaka miwili ya sekondari, minne ya chuo kikuu na mmoja wa mafunzo kazini, ilhali stashahada ni miaka mitatu, kisha mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga ndipo apate leseni. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo D ya Fizikia, kwa sababu Fizikia ya kidato cha sita haina huruma, na asipopata alama za kutosha atarudi kuomba stashahada ileile akiwa amechelewa miaka miwili. Akianza na stashahada na kumaliza kwa wastani usiopungua 3.0, mlango wa shahada hautakuwa umefungwa.

Kuhusu chuo, hakikisha kwanza kwamba kozi yenyewe, si jina la chuo pekee, imesajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Kisha uliza wanafunzi hufanyia mazoezi hospitali gani na wanagawana hospitali hiyo na vyuo vingapi. Nimewaona wanafunzi wa vyuo vitatu wakizunguka kitanda kimoja cha kuzalishia, na anayezalisha ni mmoja tu. Ndiyo maana mimi huvipendelea vyuo vilivyokua pembeni ya hospitali za misheni, kama Peramiho na Haydom, ambako mwanafunzi hutoka darasani na kuingia wodini kwa miguu.

Mhasibu Mstaafu

Ndugu Mlezi, hiyo 1,600,000 ni ada tu. Kabla ya kulipa chochote, omba fomu ya kujiunga inayoonyesha mchanganuo wa miaka yote mitatu: mitihani, sare, hosteli, bima ya afya (ya mwanafunzi imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka), pamoja na nauli na chakula anapopelekwa mazoezi ya vitendo mbali na chuo, ambavyo wazazi wengi huvisahau mpaka binti apige simu. Uliza pia ada inagawanywa kwa awamu ngapi na mwanafunzi mwenye deni hufanywa nini wakati wa mitihani.

Mkopo usiuweke kwenye hesabu bado. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa fani za kipaumbele tu, na kwa upande wa afya ilitazama zaidi fani zenye uhaba kama tiba ya meno na fiziotherapia. Soma mwongozo wa mwaka husika mwenyewe, usitegemee maneno ya wakala wa chuo.

Mlezi wa Njombe

Nawashukuru sana. Nimeelewa kwamba nitafute chuo chenye hospitali yake na nidai mchanganuo kwa maandishi. Je, kama mwongozo wa mwaka huu utaruhusu mkopo wa uuguzi, kifo cha baba kitathibitishwaje kwenye maombi?

Mhasibu Mstaafu

Kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), pamoja na cheti cha kuzaliwa cha binti ambacho nacho huhakikiwa hukohuko. Anzeni sasa, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, na mkague kama jina la baba limeandikwa herufi kwa herufi sawa katika vyeti vyote viwili.