Dada amelipwa pesa za ukame, mimi naambiwa kwangu ni kijani

Mama Mbuzi 14
Hamjambo wenzangu. Naishi kando ya mto Turkwel, upande wa Turkana ya Kati. Dada yangu ameolewa Loima. Kiangazi hiki yeye ameingiziwa shilingi 2,700 za ukame, zile za serikali za mpango wa HSNP, mimi hata ndururu. Mbuzi wake na wangu wanalamba vumbi lilelile! Nimebaki na kumi na wanne. Juzi mmoja alilala jioni, asubuhi tukamwinua watu wawili, akasimama kidogo, magoti yakakunja tena.

Nikamuuliza kijana mmoja wa mambo ya orodha ya pesa hizo. Ati setilaiti imeona kwetu ni kijani. Kijani gani? Huku kijani ni mathenge. Huo mti hata jua liwake vipi, haushtuki. Na mbuzi akizoea maganda yake meno yanaoza. Si mnakumbuka watu wa Baringo walivyompeleka mbuzi kibogoyo mahakamani? Hiyo kitu ya angani inahesabu nini hasa?

Mzee wa Kalokol
Pole mama. Kijana amekupa nusu ya habari. Setilaiti haiangalii boma lako. Inapima ukijani wa kaunti ndogo nzima, wastani wa miezi mitatu, kisha unalinganishwa na miaka iliyopita ya mahali hapohapo. Mathenge uliokuwepo siku zote hauidanganyi sana. Unaozidi kuenea, hapo niko na wewe.

Kipimo hicho ni cha 0 hadi 100. Kikishuka chini ya 20, huo ni ukame mkali, na pesa hufikia karibu robo ya kaya. Kikishuka chini ya 10, ni robo tatu. Loima ni kaunti ndogo nyingine, kwa hiyo dada yako anaweza kulipwa na wewe ukakosa, hata mkipigiana kelele ng'ambo ya lugga, huo mto mkavu. Mbuzi wako hajaulizwa na mtu.

Karani Mstaafu
Kabla ya kugombana na setilaiti, mama, uko kwenye orodha? Usajili mkubwa ulikuwa 2012 na 2013. Maskini zaidi wakawekwa kundi la kwanza, hao ni 5,400 kila miezi miwili, mvua isinyeshe au inyeshe. Waliobaki ni kundi la pili, wanakumbukwa ukame ukizidi tu. Wengi wa kundi la pili walifunguliwa akaunti wakasahau, kadi ikatoka kwa jina la mtu mwingine wa boma. Uliza nyumbani.

Mama Mbuzi 14
Karani, Mungu akuweke. Mwaka huo nilikuwa bibi arusi, boma liliandikwa kwa jina la mama mkwe. Kadi IPO! Ameifunga kwenye kitambaa pamoja na kitambulisho, ndani ya sanduku la shanga. Miaka yote hiyo alidhani ni ya kura.

Leo tumeenda kwa wakala wa benki. Kidole gumba mara tatu, mashine inakataa. Vidole vyake vimelika kwa kusuka vikapu vya mkoma, ni laini kama kijiko. Wakala anasema turudi kesho.

Mzee wa Kalokol
Kesho msiende na gumba peke yake, ajaribu na vidole vingine. Aoshe kwanza kwa maji ya vuguvugu, akaushe vizuri, asipake mafuta. Na muulize wakala salio. Kama pesa za ukame wa nyuma ziliwahi kuingia, zitaonekana hapo.

Mama Mbuzi 14
Sawa mzee. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijawa kali, yeye anatembea polepole.