Naomba ushauri: Makumbusho ya Opificio delle Pietre Dure, Firenze

Habarini ndugu zangu. Mnaoishi Italia na mliowahi kutembelea Firenze, naomba mnisaidie.

Mwezi ujao nitakuwa Firenze na mama yangu kwa siku moja tu. Wageni wengi hukimbilia jumba la sanaa la Accademia kutazama sanamu ya Daudi ya Michelangelo. Sisi tunataka kwenda Opificio, makumbusho ya karakana ya kale ya picha za mawe, Via degli Alfani, hatua chache kutoka hapo. Karakana hiyo ilianzishwa na Ferdinando I de' Medici mwaka 1588. Mafundi wake walikata mawe ya akiki, yaspi na lapis lazuli vipande vyembamba, wakaviunganisha hadi vikatokea maua na ndege kana kwamba vimechorwa kwa brashi. Kwangu mimi, ufundi huo unastahili foleni kuliko sanamu nyingi!

Mama ni sonara wa miaka mingi, na hamu yake kubwa ni kuona meza za kazi na vifaa vya mafundi vilivyo ghorofa ya juu. Tatizo ni magoti, ngazi zinamtesa.

Nimeuliza hotelini, wao wanaijua Accademia tu. Maoni ya wageni niliyosoma yanasifia picha za mawe lakini hayagusi habari za ngazi.

Je, kuna lifti ya kufika juu? Na je, tuanze hapo, au tuanze Cappella dei Principi, kikanisa cha makaburi ya akina Medici kule kanisa la San Lorenzo, ambako kuta zimefunikwa kwa mawe ya kazi hiyohiyo, kabla mama hajachoka?

Aliyefika mwenyewe tafadhali anieleze. Asanteni sana.