Alama sanifu, pasentaili au "sawa na darasa": tuishike ipi kwenye ripoti ya mtoto?

Mzazi_Ohio: Habari wadau. Mtoto yuko darasa la tatu huku Marekani, shuleni wamempima kwa Woodcock-Johnson, jaribio la uwezo wa masomo. Kusoma: alama sanifu 88, pasentaili 21, sawa na darasa 2.1. Nitazame ipi?

Mwl_Kipimo: Alama sanifu, yaani alama iliyogeuzwa ili kumlinganisha na wenzake. Wastani wake ni 100 na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) 15, kwa hiyo watoto kama 68 katika 100 huangukia kati ya 85 na 115. 88 imo, ila ukingoni. Pasentaili 21 si maksi 21 kwa 100! Inasema amefikia au kuwapita watoto 21 katika 100 wa kundi la kulinganishia. Maswali anaweza kuwa amepata hata zaidi ya nusu.

Zuhura_K: Hiyo 2.1 achana nayo. Alama yake ghafi (hesabu ya majibu sahihi kabla ya kugeuzwa) inalingana na ya mtoto wa kati wa darasa la pili, mwezi wa kwanza wa masomo, basi. Haisemi arudishwe darasa, na majibu machache tu yanaweza kuisogeza miezi kadhaa.

Dadavua: Pasentaili ndiyo rahisi kumweleza bibi yake kwa simu, lakini usipimie maendeleo. Kutoka 50 hadi 60 ni kama pointi 4 za alama sanifu. Kutoka 90 hadi 99 ni kama 16. Na mwakani ikirudi 88 ileile, hajadumaa: amesonga sambamba na wenzake, pengo ndilo halijapungua.

Mwl_Kipimo: Naam. Tafuta pia kiwango cha makosa ya kipimo, yaani kati ya wapi na wapi alama yake halisi huenda ipo. Wakiandika 83–93, kwa pasentaili hiyo ni 13 hadi 32, pana kwelikweli. Halafu uliza wamelinganisha kwa umri au kwa darasa. Aliyechelewa kuanza shule hushuka akilinganishwa kwa umri. Na kagua tarehe ya kuzaliwa: 04/09 kwetu ni 4 Septemba, wao wanasoma 9 Aprili. Miezi mitano inaongezeka kwenye umri wake, analinganishwa na wakubwa, alama inashuka bure.

Mzazi_Ohio: Asante mwalimu. Nyumbani tunaongea Kiswahili, Kiingereza bado anajifunza.

Zuhura_K: Hapo ndipo pazito. Kama tathmini ni ya elimu maalumu, IDEA, sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake, isipokuwa haiwezekani kabisa. Peleka ombi kwa maandishi kabla ya kikao na shule, uulize 88 hiyo inapima kusoma au inapima Kiingereza.